Nakala za NIDA za wateja wa mkopo: tunazitunzaje zisifike kwa matapeli?

Duka_Mwanjelwa:
Wakuu, habari za kazi. Duka lipo Mwanjelwa, Mbeya. Tunauza simu na majiko ya gesi kwa kulipa kidogo kidogo, na pembeni kuna dirisha la wakala wa fedha. Kila mteja wa mkopo anaacha nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha ya paspoti na namba za wadhamini wawili. Wengine wanatuma kwa WhatsApp kwenye simu ya muuzaji. Maboksi mawili yamejaa tangu 2021. Nini kibaki, nini kitupwe, na kinatupwaje?

Tarakimu20:
Anza kwa kuacha kukusanya usichohitaji. Anayelipa taslimu usimwombe nakala. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tapeli akiipata hiyo namba, tarehe ya kuzaliwa anayo tayari. Akiongeza jina na namba ya simu, anapiga huduma kwa wateja kana kwamba ndiye mwenyewe, na akipata mtumishi asiye makini laini inahamishiwa kadi nyingine. Hapo jumbe za uthibitisho za benki zinaingia kwake.

Nakala inayobaki ipige mistari miwili ya mshazari, katikati uandike kwa wino: "Kwa mkopo wa simu tu", jina la duka na tarehe. Maandishi yapite juu ya picha na namba. Ukiandika pembezoni, mtu anafunika kwa karatasi nyeupe, anatoa fotokopi upya, na alama imepotea.

Na daftari la wakala! Hapo ndipo pabaya kuliko maboksi yako. Mteja anaposaini anaona majina na namba za waliomtangulia, na kamera ya simu inamaliza ukurasa mzima kwa sekunde moja. Kata manila ya ukubwa wa ukurasa, toboa dirisha la mstari mmoja, ilaze juu ya daftari kila mtu anaposaini.

Kihesa_Ofisi:
Kamwene. Naongezea upande wa WhatsApp. Picha moja ya kitambulisho inakaa sehemu nyingi: kwenye mazungumzo, kwenye galari, kwenye hifadhi ya mtandaoni ya simu, na kwenye kompyuta ya steshenari ulikoichapishia. Ukifuta kwenye mazungumzo tu, nyingine zinabaki. Tumia simu ya duka, si ya muuzaji, maana akiacha kazi anaondoka na wateja wako mfukoni. Zima picha kujihifadhi kwenye galari, weka uthibitishaji wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu sita, na kila Jumamosi angalia vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta usiyoitambua, itoe.

Karatasi za zamani msiwape wauza maandazi na karanga za kufungia. Mashine inayokata vipande virefu haitoshi, vinaungika. Tafuta inayokata vipande vidogo vidogo. Kama hakuna, loweka kwenye ndoo usiku kucha, ponda mpaka iwe uji, kisha tupa.

Duka_Mwanjelwa:
Asanteni sana. Muda wa kutunza je? Na boksi likiibwa?

Tarakimu20:
Tenganisha vitu viwili. Risiti na hesabu za kodi zinatunzwa miaka 5. Nakala ya kitambulisho si risiti: deni likiisha na hakuna mgogoro, kazi yake imekwisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, hairuhusu utunze taarifa kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji lengo ulilozichukulia. Pia inakutaka ujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hata kama ni duka dogo.

Likiibwa, ripoti polisi siku hiyo hiyo, ijulishe Tume bila kuchelewa, na wapigie wateja wote pamoja na wadhamini, ambao husahauliwa. Waambie wapige *106# waone laini zilizosajiliwa kwa namba yao ya NIDA. Wakikuta wasiyoijua, waende duka la mtandao husika ifungwe. Simu ikipoteza mtandao ghafla wakati jirani wa mtandao uleule anao, wasingoje kesho: waazime simu, wapige huduma kwa wateja, kisha benki. Ujumbe wa utapeli unatumwa kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Ili uweze kuwapigia, orodha ya majina na namba za simu ikae mbali na boksi, kwenye droo nyingine yenye kufuli.