Kuchomelea alumini kwa elektrodi ya kawaida badala ya TIG au MIG: inafaa au ni kupoteza fedha?

Fundi_Mgeni ameuliza:

Habari za kazi, wakuu. Nina mashine ya inveta ya kuchomelea kwa elektrodi, inayotoa mkondo mnyoofu, ambayo naitumia kila siku kwenye chuma cha kawaida, lakini sina mashine ya TIG (yenye ncha ya tungsteni isiyoyeyuka) wala ya MIG (yenye waya unaojilisha), wala mtungi wa agoni, ile gesi ya kukinga mshono. Nimeletewa kazi mbili za alumini. Ya kwanza ni kasha la pampu ya maji, la alumini ya kusubu, lenye unene wa milimita 8 hivi, ambalo limepata ufa kwenye mguu wa kufungia. Ya pili ni fremu ya mabomba ya mraba ambayo ukuta wake ni wa milimita 1.5. Elektrodi za alumini zinauzwa, nami naomba kujua kama kweli zinafanya kazi, mashine ipangwe vipi, na nijihadhari na nini.

Cheche amejibu:

Mkuu, zinafanya kazi, ila si kwa kila kitu. Kasha la milimita 8 linawezekana. Fremu ya milimita 1.5 usiiguse kwa njia hii, kwa sababu chini ya milimita 3 alumini hutoboka kabla hujaona dalili yoyote: haiwi nyekundu kama chuma inapokaribia kuyeyuka, bali hubaki na rangi yake ile ile hadi inapodondoka ghafla.

Ugumu wake unatokana kwanza na oksidi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wa oksidi unaoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000, kwa hiyo unaweza kuyeyusha metali ya ndani huku utando wa juu ukiwa mzima na pande mbili zikikataa kuungana. Kwenye TIG, utando huo huvunjwa na mkondo geu (AC), katika ile nusu ya mzunguko ambayo elektrodi ni chanya. Kwenye elektrodi yenye flaksi (ule mchanganyiko wa kemikali unaoifunika), sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na chumvi za kloridi na floridi zilizomo kwenye flaksi yenyewe; hata hivyo, kibano cha elektrodi lazima kiwe kwenye chanya na ethi iwe kwenye hasi. Ukigeuza, utahangaika bure.

Tatizo la pili ni joto. Alumini hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya chuma cha kawaida, hivyo mwanzo wa mshono huwa baridi na haushiki, ilhali mwisho wake huwa na joto kupita kiasi. Pasha kasha lote polepole kwa tochi ya gesi hadi nyuzi 150 au 200, ukipima kwa kalamu ya joto (inayoyeyuka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake) wala si kwa kukisia. Kisha tumia elektrodi ya E4043, yenye silikoni asilimia 5 hivi, ambayo inakubaliana na alumini nyingi za kusubu. Kwa ukubwa wa milimita 3.2, anza kati ya ampea 80 na 120, kisha rekebisha kwa kujaribu kwenye kipande chakavu cha unene ule ule. Elektrodi iwe karibu wima, tao (mwali wa umeme kati ya elektrodi na kazi) liwe fupi kiasi kwamba flaksi inakaribia kugusa kazi, na usiyumbishe mkono kushoto na kulia. Utashangaa kasi yake: elektrodi huisha haraka sana kuliko ile ya chuma, na mkono unapaswa kuongeza mwendo kadiri kipande kinavyopata moto. Kabla ya kukatiza, rudi nyuma kidogo ujaze shimo la mwisho, kwa kuwa hapo ndipo ufa mpya hupenda kuanzia.

Angalia pia volti za mashine yako kabla tao halijawaka. Inveta ndogo ambazo volti hizo ni za chini huwasha elektrodi za alumini kwa shida, hata kama ampea zinatosha.

Bi_Karakana amejibu:

Nakubaliana na Cheche, lakini naona maandalizi yamepitwa haraka, na kwenye alumini ya kusubu huko ndiko kazi inakoharibikia. Kasha la pampu limekunywa mafuta na grisi kwa miaka. Lifute kwa asetoni, lipashe moto hadi mafuta yaache kutoka, kisha ulifute tena. Usitumie viyeyusho vyenye klorini, kwani mabaki yake yakikutana na mwanga wa tao yanaweza kutoa gesi ya sumu kali. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, halafu uchimbe mtaro wenye umbo la V. Diski ya grainda iliyokwisha kusaga chuma isikaribie hapo. Brashi nayo iwe ya waya usioshika kutu, na iwe ya alumini peke yake.

Kwa kuwa ufa uko kwenye mguu na si kwenye ukuta unaozuia maji, mimi ningeifanya kazi hiyo. Ungekuwa kwenye ukuta, ningekataa: mshono wa elektrodi huwa na vitundu vya haidrojeni mara kwa mara, na kutopitisha maji si jambo la kuahidi. Fremu ipeleke kwa mwenye TIG, au uiunge kwa riveti na vipande vya kona.

Tochi_ya_Zamani amejibu:

Wembamba kama wa fremu ile huungwa pia kwa oksijeni na asetilini, kwa flaksi ya alumini na ufito wa kujazia, ila unahitaji mkono uliozoea. Na tafadhali, fungua madirisha au fanyia nje, maana moshi wa flaksi hizi huwasha koo na macho.

Fundi_Mgeni ameandika:

Ahsanteni sana. Fremu nimeiacha. Nimejaribu kwenye kipande chakavu baada ya kukipasha, na mshono umeshika vizuri, lakini kila ninapokatiza katikati, elektrodi ile ile inakataa kuwaka tena. Je, imeharibika?

Cheche amejibu:

Haijaharibika. Itazame ncha yake: flaksi imeyeyuka na kuganda juu yake kama kofia ya kioo, na kioo hicho hakipitishi umeme. Kivunje kwa koleo hadi uone metali inayong'aa, kisha uwashie juu ya mwisho wa mshono uliopita, baada ya kuondoa ganda lote la flaksi lililopo hapo. Zilizobaki zifunge kwenye chombo kisichoingiza hewa, kwa sababu flaksi hii hunyonya unyevu upesi, na elektrodi yenye unyevu hutoa mshono uliojaa vitundu.

Ukimaliza, kugonga ganda kwa nyundo hakutoshi. Chumvi zinazobaki hula alumini zikipata unyevu. Sugua mshono kwa brashi ndani ya maji ya moto, ubadilishe maji, usugue tena, hasa kwenye pembe na nyuma ya mguu. Kabla ya kupaka rangi, liache kasha mahali penye unyevu kwa siku moja au mbili. Ukiona unga mweupe kando ya mshono, chumvi bado ipo, na unatakiwa kuosha upya.