Msaada: Nokia ya batani inagoma intaneti, APN nimejaza mpaka nimechoka

Katumba_Juu (mwanzisha uzi)
Wakuu heshima kwenu. Nina Nokia ya batani, nataka iingie intaneti na ipokee meseji za kundi. Laini ina bando la GB 1 na salio la kawaida lipo. APN, yaani jina la lango la intaneti la mtandao wa laini, nimejaza "internet", nimezima nimewasha, zoezi hilo nimelirudia mara sita. Juu inaonyesha 3G na mishale inacheza, ila ukurasa haufunguki. Niko Rungwe, kupiga na kupokea hakuna shida. Naombeni settings sahihi, ikiwezekana kabla ya Jumamosi.

fundi_mafiati
Nokia gani? Nokia za batani ni ukoo mzima. Na laini ya mtandao upi?
Wakati unatafuta jibu, hakiki hili. Kama menyu iko Kiingereza: Settings, halafu Configuration, halafu Personal configs, Add new, Access point. Ukifika hapo kuna sehemu ya Account name. Wengi wanaandika "internet" pale na kuona wamemaliza, kumbe lile ni jina la kupamba tu, ungeweza kuandika hata "Tukuyu". APN yenyewe inakaa ndani zaidi: Data bearer weka Packet data, fungua Bearer settings, ndipo utaona Packet data access point. Hapo ndipo pa kuandika internet, herufi ndogo zote, bila nafasi mwishoni. Username na password acha wazi. Proxy iwe Disabled. Ukikuta anwani ya namba namba na bandari (Port) ya 8080 au 9201, futa, hayo ni mabaki ya enzi za WAP, intaneti ya simu za zamani.
Ukishahifadhi hujamaliza. Rudi kwenye orodha, Options, Activate. Usipoiamsha simu inaendelea na settings za zamani.

kiwira_ndizi
Voda, Airtel na Halotel zote ni "internet". Tigo, ambayo sasa ni Yas, ilikuwa "tigoweb". Kwa hiyo fundi ana haki ya kuuliza laini.

mzee_kijiwe
Kijana achana na kiswaswadu, tafuta simu janja used. Ila angalia isiwe Android 4.4 kurudi chini, maana tangu Januari 2025 hizo WhatsApp imeziacha.

Katumba_Juu
Mzee wangu shikamoo. Simu janja siitaki, nina sababu zangu. Fundi, nimehakiki, APN iko sehemu uliyosema na nimeiamsha. Bado.

fundi_mafiati
Model?

modemu_ya_zamani
Kama lengo ni intaneti kwenye kompyuta, usihangaike na menyu ya simu. Iunganishe kwa waya au Bluetooth kama modemu, kwenye sehemu ya amri za ziada weka AT+CGDCONT=1,"IP","internet" halafu namba ya kupiga iwe *99#. Jina na neno la siri wazi. Kumbuka simu hizi zikipigiwa, data inasimama mpaka ukate, haziwezi vyote kwa pamoja kwenye 2G.

kiwira_ndizi
Nani kataja kompyuta hapa?

Katumba_Juu
Ni Asha 210. Ile yenye kibodi nzima na kitufe cha kijani cha WhatsApp katikati. Nikikibonyeza inafikiri kidogo, halafu inasema toleo limeisha muda na niangalie tarehe ya simu. Tarehe nimeweka sawa.

fundi_mafiati
Ungesema hivyo tangu asubuhi tungekuwa tumeshamaliza. Hapa una matatizo mawili na APN si mojawapo.
La kwanza, WhatsApp. Asha 210 ilitoka 2013 ikiwa na S40, mfumo wa Nokia wa simu za kawaida. WhatsApp iliacha S40 tarehe 31 Desemba 2018. S60, mfumo mwingine wa Nokia, ilitangulia, 30 Juni 2017. Kitufe kipo, mlango uliokuwa nyuma yake umejengewa ukuta. Kuna watu watakwambia rudisha tarehe nyuma. Ukirudisha, programu inaweza kufunguka, ila seva haikupokei, na tovuti zenye kufuli zitakataa pia kwa sababu vyeti vyake vya usalama vitaonekana havijaanza kutumika.
La pili, brauza. Iliyokuja na simu hiyo ilikuwa inapitisha kila ukurasa kwenye seva za Nokia kwanza. Huduma ile haipo. Ndiyo maana mishale inacheza: simu imeshika data vizuri, inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Kuthibitisha, weka Opera Mini. Faili lake la .jar lipakue kwa simu nyingine, liweke kwenye memori kadi, liendeshe kutoka kwenye Gallery au mafaili. Bluetooth nayo inafaa ila simu janja nyingine zinakataa kutuma .jar. Ikisema imeshindwa kuunganisha, ingia settings zake, sehemu ya Protocol, badilisha kutoka Socket kwenda HTTP. Ikifungua ukurasa wowote, APN yako ni nzima. Na kila ukitoa betri hakikisha tarehe, maana simu hizi hurudi miaka ya nyuma zenyewe.

mama_soweto
Mwanangu, kitufe kimekuponza. Usinunue kitu kwa rangi.

Katumba_Juu
Asante fundi. Opera Mini imefungua, polepole ila imefungua. Sasa WhatsApp kweli haiwezekani kabisa? Hata toleo la kuchakachua? Maana muuzaji kanionyesha kwa macho yangu, amebonyeza kitufe na picha ya kundi ikatokea na majina ya watu.

kiwira_ndizi
Ilikuwa picha imepigwa, ikawekwa pale ionekane. Je, aliandika neno jipya, likaenda, likajibiwa, ukaona?

Katumba_Juu
Hapana. Alisema bando limekata.

sokomatola_tu
😂😂 Bando limekata kwenye simu ya kuuza. Kamwene wa Iringa, njooni mshuhudie.

fundi_mafiati
Kwa nini Jumamosi? Na kwa nini simu moja ya batani inakunyima usingizi hivi?

Katumba_Juu
Si moja. Ni 22. Elfu 35 kila moja, jumla 770,000. Nimeshatanguliza nusu, 385,000, na simu 5 ninazo. Jumamosi nachukua 17 zilizobaki pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, na kumaliza deni. Ni za wakusanyaji wa parachichi wa kikundi chetu. Kila mmoja yuko kijiji chake, anapima kreti, anatuma idadi na kilo kwenye kundi ili gari lijue lianzie wapi.
Msinirukie. Nilipiga hesabu. Simu janja haifikishi jioni bila chaji na vijiji vingine umeme ni wa kubahatisha. Mvua ya huku mnaijua, skrini ya kugusa ikilowa inajibonyeza yenyewe. Mtu mwenye vidole vya utomvu anahitaji batani. Na hakuna mwizi anayehangaika na Asha. Kwa hiyo uamuzi wa simu si mbaya, nahitaji tu namna ya meseji.

mama_soweto
Kulipa nusu kabla ya kuuliza, halafu kuuliza bila kusema. Haya.

bandari_kavu
Samahani, mimi hii naona ni chai, na haina hata tangawizi. Soma posti ya kwanza: "juu inaonyesha 3G". Asha 210 haina 3G. Haijawahi kuwa nayo, ni 2G na WiFi basi. Huwezi kuona 3G pale hata ukipanda mlima Loleza. Halafu posti ya sita tayari anasifia chaji na uimara. Wiki ijayo atarudi na "wakuu nina Asha 22 zimebaki, bei poa". Huyu ndiye muuzaji.

sokomatola_tu
Andazi liko wapi tuteremshie.

modemu_ya_zamani
Hoja ya 3G ni ya kweli. Alama inayowezekana ni G au E tu.

Katumba_Juu
Naapa si muuzaji. Niliandika 3G kwa mazoea, nimeangalia sasa hivi ni E ndani ya kiboksi.

fundi_mafiati
Kuapa hakupimiki. Fanya hivi: simu zote 5, moja moja, piga *#06# uone IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Kisha toa betri, soma namba ya IMEI kwenye karatasi ya chini. Ya laini mbili itakuwa na IMEI mbili. Andika hapa kama zinalingana, namba zenyewe usizimwage hadharani.

mzee_kijiwe
Mimi bado nasema simu janja.

Katumba_Juu
Nimerudi. Simu 3 zinalingana juu na chini. Mbili, namba ya kwenye skrini ni tofauti na ya kwenye karatasi. Na hizo mbili skrini zake zinaonyesha IMEI ile ile moja. Hii ina maana gani?

bandari_kavu
Nafuta kauli. Muuzaji asingejichoma hivyo.

fundi_mafiati
Ina maana hizo mbili zimeunganishwa vipande, au bodi zimeandikwa upya kwa IMEI moja. IMEI ni ya simu moja tu duniani. Tuma zote kwa SMS kwenda 15090 usome majibu. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia. Mkusanyaji wako akizimiwa katikati ya msimu, kreti zinabaki barabarani.
Sasa kuhusu meseji. Kwa kazi uliyoeleza huhitaji WhatsApp wala bando. SMS ya kawaida inatosha, na hapo hoja yako ya batani ina mashiko. Mpangilio mmoja kwa wote, mfano:
LWG 14 KRT 6 KG 118
yaani kijiji, tarehe, kreti, kilo. Simu moja janja ikae kwa mwenye gari, ipokee zote. Simu 22 za batani kutuma, hiyo moja kupokea.

kiwira_ndizi
Ongeza haya, maana ndipo panapokwama. Kila simu ingia Message settings, Text messages, angalia namba ya kituo cha meseji. Ikiwa wazi au imeanza na 0, SMS zitagoma kutoka hata salio likijaa, weka inayoanza na +255. Namba hiyo iko ndani ya laini yenyewe: laini ile ile ikiwa kwenye simu janja, piga *#*#4636#*#*, nyingi zitakuonyesha. Washa ripoti ya kufika, ili mkusanyaji ajue gari limepata na asitume mara tatu.
Character support weka Reduced. SMS moja ni herufi 160. Ikiingia alama moja ngeni inashuka hadi 70, na unakatwa meseji mbili au tatu. Kiswahili hakina shida, isipokuwa ng'. Ukiandika "ng'ombe" kwa Asha alama ile ni ya kawaida. Ila meseji ya mfano ikitoka kwenye simu janja, alama inaweza kujipinda yenyewe, na mkusanyaji akiinakili anatuma kwa 70 bila kujua vocha inakwenda wapi.

modemu_ya_zamani
Na bahasha ikiwaka waka juu, memori ya laini imejaa, haipokei tena. Weka meseji zihifadhiwe kwenye simu.

Katumba_Juu
Laini za wakusanyaji zimekatwa ndogo, za simu janja. Nimepata vile vifremu vya kuziwekea.

fundi_mafiati
Laini ndogo ni nyembamba kuliko ya zamani kidogo, milimita 0.67 kwa 0.76. Ikiachwa wazi kwenye fremu, siku ya kuichomoa inanasa na kung'oa meno ya bodi. Bandika selotepu nyuma, laini na fremu ziwe kitu kimoja. Afadhali zaidi wakachukue laini nzima kwa wakala, kwa jina lao wenyewe na alama za vidole vyao. Wapige *106# kwanza waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao.

Katumba_Juu
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Basi Jumamosi nachukua zilizobaki, hizo mbili namrudishia.

mama_soweto
Unachukua? Bado?

Katumba_Juu
Mama, nusu nimeshalipa. Nikirudi nyuma nazipoteza.

fundi_mafiati
Basi usitoe shilingi kabla ya kupima. Nenda na laini yako ya ukubwa wa zamani. Kwa kila simu: *#06# ulinganishe na karatasi, piga, pokea, tuma SMS moja usubiri ripoti ya kufika. Betri izungushe juu ya kaunta, ikizunguka kama pia imevimba, kataa. Bonyeza kila batani ya kibodi ukiandika sentensi, N na M ndizo huchoka. Dakika 5 kwa simu, 17 ni saa moja na nusu. Na umwambie kitufe cha kijani si sifa, ashushe bei.

Katumba_Juu
Nimempigia sasa hivi. Anasema nije mwenyewe, hataki fundi kwenye kibanda chake.

kiwira_ndizi
Mwambie unakuja na shangazi.

mama_soweto
Nipo. Saa ngapi?