JIBU: Talaka, na nyumba niliyojenga Machomane, Pemba

Waalaykum salaam mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma alfajiri nikalia. Miaka saba unakesha kwenye nyumba za wazee Birmingham, pesa yote inageuka matofali, na kiwanja kina jina la mumeo, naye sasa amekuandikia talaka. Usiseme huna haki.

Na mimi niliachwa, nikaambiwa nichukue nguo zangu tu. Aliyenishika mkono ni wakili mwanamke, mtu wa Wete. Alipokuwa mdogo jirani yao alifungwa kwa kupata mimba bila ndoa. Sheria ya 1985 hapa kwetu Zanzibar ilikuwa hivyo, kifungo hakikuondolewa mpaka 2005. Ndilo lililompeleka kusomea sheria, na mpaka leo kesi zake nyingi ni za wanawake wasioweza kumlipa.

Siku ya kwanza aliniambia nimwage mkoba mezani. Risiti za bati, daftari la fundi, stakabadhi za kutuma pesa, nyingine wino umeshafifia. Akazipanga kwa tarehe, nyuma ya kila moja akaandika kwa penseli: msingi, linta, paa. Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 inamruhusu kadhi kugawa mali ya wanandoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na mchango lazima uonekane. Wanawake wamelipigania hilo miaka na miaka, tusiliache lilale kwenye karatasi.

Kuhusu huko uliko: ndoa mlifunga Pemba na cheti mnacho, hiyo inatambulika Uingereza. Ila talaka aliyokuandikia akiwa hukohuko Uingereza haivunji ndoa kwa sheria yao, lazima mahakama. Na nyinyi mliooana msikitini huko bila kusajili, fanyeni haraka mkasajili. 2020 Mahakama yao ya Rufaa ilisema nikaha peke yake si ndoa ya kisheria.

Kama huna wakili, ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake Zanzibar, wanasaidia, na Kituo cha Huduma za Sheria pia. Muombe mama au kaka yako aende kwa niaba yako.

Fundi wako bado yupo? Mpigie leo, muombe daftari lake kabla hajaombwa na mtu mwengine. Kila ukurasa upigwe picha.

Dada yako, Chake Chake