Mliowahi kushikwa na kwikwi zaidi ya siku moja, tupeane uzoefu

Mpita Njia: Tangu juzi asubuhi nina kwikwi. Nimekunywa maji mpaka tumbo linagonga kama debe. Kuna aliyepewa dawa ikamsaidia?

Jicho Kavu: Mtu akutishe ghafla, zitakata.

Mpita Njia: Mke wangu kanitisha mara nne. Ya mwisho kasema ana mimba ya mapacha. Wapi!

Sikulala: Umenikumbusha mbali. Mimi zilinishika siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo. Kila kwikwi inavuta mshono, nimeubana kwa mto, nahesabu sekunde nne, hiyo tena. Uji ukifika kooni unarudi puani. Usiku wa tatu nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Daktari akaandika klopromazini, nesi akanionya nisishuke kitandani peke yangu. Mbishi mimi, nikainuka kwenda chooni. Presha ikaporomoka, nikajikuta sakafuni nimekumbatia ndoo. Nikiwa pale chini ndipo nikasikia kimya. Niliogopa hata kumeza mate!

Mama Wawili: Hiyo si ya wagonjwa wa akili?

Mchanganya Dawa: Ni ya kwao, na ya kwikwi sugu pia. Ila zikipita saa 48 kwanza chanzo kitafutwe: asidi kupanda, figo, hata kiharusi. Dawa ya deksamethasoni nayo huzileta.

Kipepeo: Mimi metoklopramaidi, ile dawa ya kuzuia kutapika, ilizikata siku hiyo hiyo.

Jicho Kavu: Mimi hiyo hiyo ilinipinda shingo nikawa naangalia ukuta. Sukari kijiko kimoja, basi.

Mama Wawili: Na mwenye kisukari je? Unaua watu wewe. Baba kwa kwikwi alipewa baklofeni, ile ya kulegeza misuli, akalala siku mbili anaongea maneno hayaeleweki.

Mchanganya Dawa: Ana shida ya figo?

Mama Wawili: Anayo.

Mchanganya Dawa: Basi. Hiyo hutolewa na figo. Zikichoka, inarundikana mwilini. Aliyeandika alipaswa kuuliza.

Kipepeo: Kuna Mmarekani, Charles Osborne, zilimwanza 1922 zikakoma 1990. Miaka 68.

Mpita Njia: Ahsante kwa kunifariji.

Jicho Kavu: 😂😂

Sikulala: Mkuu, saa 48 zako zimeshatimia, nenda hospitali leo. Na ukipewa ile yangu, omba chombo ukojolee hapo hapo kitandani.