Majirani Bombo, Uganda: Boksiwudi ya Mama Rama

Mama Rama: Majirani habari za jioni. Yule anayeuza miche barabara ya Gulu amenitumia picha za boksiwudi, ile ya majani madogomadogo wanaikata mpaka inakuwa duara kabisa. Nataka kuzungushia kompaundi yote nitoe hii seng'enge. Mche mmoja shilingi elfu kumi. Mnasemaje

Baba Trevor: Kompaundi YOTE? Mama Rama umeuza ng'ombe 😂

Mzee Juma: Binti yangu ngoja usitoe pesa. Mimi nimefanya kazi za bustani Entebbe, boksiwudi haina haraka, huko kwao Ulaya kwa mwaka inaongeza sentimita 10 hadi 15 na zile fupi hazifiki hata 5, sasa ukingoja ifike kifuani izuie watu kuchungulia Rama atakuwa ameshaoa. Hiyo weka kando ya njia ya kuingilia, ama zungushia waridi. Fensi panda duranta

Mama Rama: Duranta si ndio ile ya matunda ya njano, watoto wakila??

Mzee Juma: Ni sumu kweli. Lakini ukiipunguza mara kwa mara haipati nafasi ya kuzaa

Hajati Zaituni: Na boksiwudi mbuzi wangu wakipita?

Mzee Juma: Hajati hiyo nayo ina sumu, mbuzi, ng'ombe, hata farasi. Ni chungu kwa hiyo mnyama aliyeshiba anaiacha, shida ni yale matawi mkishakata mnatupa nje ya geti, mbuzi mwenye njaa haulizi. Chimbieni chini

Baba Trevor: Mbuzi wa Hajati alikula sandali zangu yuko mzima

Hajati Zaituni: Sio wangu huyo. Wangu wamefungwa.

Afande: Mimi ile harufu yake ndio sitaki, jua likiwaka kuna zingine zinanuka mkojo wa paka

Mama Rama: Afande nawe 🙄 Haya basi njia tu, mita 6 kila upande

Mzee Juma: Ukiacha sentimita 30 kati ya mche na mche ni kama 40

Baba Trevor: Laki nne bannange

Mzee Juma: Anunue mitano tu azalishe mwenyewe. Unakata vijiti vya sentimita 10, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga na udongo mweusi nusu kwa nusu, kivulini, pasikauke wala pasijae maji. Mizizi inachukua miezi miwili mitatu hivi kwa hiyo usivivute kila siku kuangalia. Mvua ya Septemba ikianza unahamisha, ila pale mbele kwako maji yanasimama, inua udongo kwanza, mizizi ikikaa kwenye maji inaoza. Ni ya juujuu tena, shambaboi asipitishe jembe karibu, mwambie amwage maganda ya kahawa yasiguse shina. Maji mwagia chini, majani yakilala na unyevu ukungu unaingia, unaona madoa ya kahawia halafu yote yanapukutika

Hajati Zaituni: Mama Rama ukikata vijiti nami unikumbuke, vya kwenye poti pale barazani, mbuzi hawafiki

Mama Rama: Sawa Hajati. Mzee kesho saa kumi nikuletee boda twende uchague wewe, mimi atanipa iliyooza

Mzee Juma: Baada ya alasiri. Tutafungua kavera, ule mfuko wa plastiki wa mche, tuone mizizi, ikiwa nyeusi tunarudisha. Na beba pesa ndogondogo, huyo hajawahi kuwa na chenji