Pampu ya stelingi inavuja: nibadilishe sili au pampu nzima?

Wakuu, naomba ushauri. Gari langu linavuja oili ya pawa stelingi. Nilisafisha pampu, nikawasha injini na kumulika kwa tochi: mipira yote ya kupitisha oili mikavu, oili inatokea nyuma ya puli, kwenye sili (kile kimpira cha kuzuia oili isitoke) ya shafti, yaani chuma kinachozungushwa na puli. Sasa naongeza oili kila wiki. Nikikata usukani hadi mwisho pampu inalia, na hilo ndilo linanitia hofu, maana oili ikipungua pampu huvuta hewa na kusagika ndani.

Fundi mmoja anasema sili mpya inatosha, mwingine anataka nibadilishe pampu nzima. Kama shafti imeshalika, si sili mpya nayo itavuja? Aliyewahi kubadilisha sili peke yake, ilidumu? Na pampu iliyotumika mnaiamini?