Re: Viza ya Vietnam imeandikwa Noi Bai, mimi nataka kupita Huu Nghi

Binti Masasi, Nanning. Jumanne, 1 Julai 2025

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nimemaliza. Cheti ninacho, matokeo kwa ajili ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ninayo, bwenini natakiwa kutoka tarehe 15. Ndege yangu ya Dar inaondokea Guangzhou tarehe 9 Agosti. Hapo katikati nilipanga kwenda Vietnam na begi la mgongoni, wiki tatu, nianzie Hanoi nishuke kwa treni mpaka Saigon. Miaka minne nimekaa Nanning huku Uchina, mpaka uko karibu hivi, na sijawahi kuvuka.

Shida ni mbili. Viza ya mtandaoni niliomba Mei nikidhani nitapanda ndege, nikachagua lango la Noi Bai, uwanja wa ndege wa Hanoi. Hela ya ndege imeishia kwenye kusafirisha mizigo, sasa nataka basi la kupita Huu Nghi, lango la mpakani la barabara. Hiyo moja.

Ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. RP yangu, kile kibali cha ukaazi cha mwanafunzi, ilikuwa inakaribia kuisha, nikapeleka pasi ofisini niongezewe siku. Nikarudishiwa RP imepigwa muhuri wa kufutwa, na ukurasa wa pili kimebandikwa kibali cha kukaa siku 30, mara za kuingia sifuri. Nikauliza dirishani, nikaambiwa umehitimu, JW202 (fomu ya viza ya masomo) imekwisha, nenda nyumbani salama. Sasa nikienda Vietnam nitarudije Guangzhou kupanda ndege? Mabegi yangu mawili ya kilo 23 yapo huko kwa rafiki.

Naomba aliyewahi kupita Huu Nghi na viza yenye lango jingine aniambie alipokelewaje. Naomba sana, siku zinakimbia.

Mdau wa Wuhan. Jumanne, 1 Julai

Hongera mdogo wangu kwa kumaliza.

Lango ni lango. Desemba 2023 nilikuwa na viza iliyoandikwa Lao Cai, nikaenda kuvukia Mong Cai kwa sababu wenzangu walikuwa wanapitia Dongxing, mji wa Uchina unaotazamana nao. Upande wa Uchina nikapigwa muhuri wa kutoka, nikavuka daraja, nikafika kwa afisa wa Vietnam. Akaisoma karatasi yangu polepole, akaweka kidole kwenye mstari wa lango, akanirudishia. Hakusema hata neno. Nilikaa pale zaidi ya saa nne, kwenye benchi la bati, nasubiri wakubaliane nani anichukue. Nilirudi Uchina kwa sababu RP yangu ilikuwa hai. Wewe huna RP. Ukikataliwa pale utarudi wapi? Fikiria hilo kabla hujafikiria Hanoi.

Omba viza nyingine, dola 25, chagua Huu Nghi. Au panda ile treni ya usiku ya Nanning kwenda Gia Lam, kituo cha Hanoi, imeanza tena tangu 25 Mei.

Mama wa Xiaobei, Guangzhou. Jumatano, 2 Julai

Kaka wa Wuhan, usimpe mtoto ushauri nusu. Treni haipiti Huu Nghi, inapita kituo cha reli cha Dong Dang, na hilo ni lango jingine. Kwanza aangalie kama limo kwenye orodha ya malango ya viza ya mtandaoni, ndipo umwambie apande. Na umemjibu swali moja, la Guangzhou umeliruka.

Mwanangu, hongera. Kibali cha kukaa si RP. RP unatoka na kurudi utakavyo. Kibali cha kukaa chenye sifuri, ukivuka mpaka kimekufa, hata kama siku zimebaki ishirini. Wanafunzi wengi wanaumizwa hapo kwa sababu hakuna anayewaambia wanapopeleka pasi. Ungesafiri kwanza RP ikiwa hai, ukarudi, ndipo uombe siku za kufungia mizigo. Nimelisema hili humu mwaka jana na mwaka juzi.

Kwa Guangzhou, kuna kupita bila viza kwa saa 24, ukiwa na tiketi ya kuendelea nchi ya tatu. Hiyo ni kwa uraia wowote. Ile ya saa 240 inayotangazwa kila mahali haituhusu: orodha ina nchi 55 na ya Afrika hakuna hata moja. Biashara tunafanya nao, watoto tunawaletea wasome, barabara wanatujengea, lakini kwenye orodha hatumo. Inaniuma kila nikiisoma.

Ila sikiliza kilichonipata mimi mwaka jana nikitoka Bangkok. Nilikuwa na tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali, moja ya kuja Guangzhou, nyingine ya Nairobi siku hiyo hiyo usiku. Kijana wa kaunta akasema hana uhakika kama nitaruhusiwa, akamwita mkubwa wake, mkubwa akapiga simu, ndege ikaondoka. Kwa hiyo sheria ipo, lakini anayekupandisha ndege si mtu wa uhamiaji wa Guangzhou, ni mtu wa kaunta ya kule utokako. Chapisha tiketi zote mbili, fika mapema.

Mdau wa Wuhan. Jumatano, 2 Julai

Mama, kwa heshima zote, swali nimelisoma. La treni nakubali nimekosea, Dong Dang ni Dong Dang. Lakini hatari ya kwanza ni mpakani wakati wa kutoka, si Guangzhou wakati wa kurudi. Akikwama katikati na kile kibandiko cha sifuri, hiyo saa 24 itamsaidia nini? Na mabegi? Saa 24 ni kuchukua mabegi Guangzhou mjini na kurudi uwanja wa ndege, mvua za Agosti zile. Rafiki yake amletee uwanjani.

Mpwani, Da Nang. Jumatano, 2 Julai

Salaam aleikum nyote. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafunza Kiingereza huku Da Nang mwaka wa tatu sasa. Ya Uchina siyajui, lakini ya huku nayajua kidogo.

La lango: nimewahi kupokea wageni watatu walioandikwa uwanja mmoja wa ndege wakashukia mwingine, wakapita. Wa ardhini sijapokea, kwa hivyo simwambii dadangu aende. Namwambia hivi: viza ya siku 90 ya kuingia mara moja ni dola 25, ya mara nyingi ni dola 50, na ukishalipa hairekebishwi, unaomba upya. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye ile mistari miwili ya chini ya pasi, herufi kwa herufi. Sisi wa majina matatu matatu twateseka hapo. Na uombe kwenye tovuti ya serikali yenyewe, kuna tovuti nyingi za mawakala zimevalishwa nguo za serikali.

Ukishaingia, raha. Pesa iangalie sana. Noti ya 20,000 ni ya buluu na ya 500,000 ni ya buluu, na kwa taa za usiku sokoni zafanana kama mapacha. Mimi wiki ya kwanza nililipa bakuli moja la pho kwa noti ya laki tano, mama muuzaji akanikimbilia hadi kona ya barabara, viatu mkononi, kunirudishia. Sitamsahau. Tangu siku hiyo laki tano naziweka mfuko mwingine kabisa.

Ukitaka kwenda Ha Giang kuona milima ya Dong Van na Ma Pi Leng, usiendeshe pikipiki mwenyewe. Leseni ya Uchina haitambuliwi huku, leseni ya kimataifa wanayotaka ni ya Mkataba wa Vienna wa 1968, na polisi wa njia ile wanasimamisha. Lipa dereva, kaa nyuma kama umepanda boda. Tena Julai ni mvua, udongo waporomoka. Septemba iliyopita kimbunga Yagi kilifukia watu kule Lao Cai, kijiji cha Lang Nu. Ukiambiwa na wenyeji usubiri, subiri.

Treni kutoka Hanoi mpaka Saigon ni kilomita 1,726. Usiifanye kwa mkupuo mmoja. Shuka Hue, kisha panda ya asubuhi ya Hue kuja Da Nang, kaa upande wa kushoto. Reli yazunguka mlima wa Hai Van, bahari iko chini ya dirisha, na kuna kona moja waona kichwa cha treni na mkia kwa pamoja. Mimi hapo huwa nakumbuka kivuko cha Likoni asubuhi, sijui kwa nini, labda ni ile harufu ya chumvi na dizeli. Mamangu ameniuliza Idd iliyopita, "We utarudi lini?" nikamwambia mwakani. Mwaka juzi nilimwambia hivyo hivyo.

Ukifika Da Nang utapata chai ya iliki. Huku naipika mwenyewe.

Binti Masasi, Nanning. Alhamisi, 3 Julai

Asanteni sana, Mama, kaka zangu. Chai nitakuja kunywa, Inshallah.

Niseme kwa nini sitaki kuiacha safari. Nyumbani kwetu tuna mikorosho. Bibi amenisomesha kwa mikorosho ile mpaka kidato cha sita. Kila msimu tunapeleka magunia AMCOS, chama chetu cha ushirika, tunasikia meli imeondoka Mtwara kwenda Vietnam, na habari inaishia hapo. Nataka kufika Binh Phuoc, eneo lao la korosho, nione zinakofika. Nataka kuona wanavyobangua, nimpigie bibi picha. Yeye vidole vyake vina madoa meusi ya mafuta ya ganda tangu ujana, anakaangia kwenye kigae kilichotobolewa, moshi wake unakaba koo. Anapenda kuniuliza, "Hao wenzetu wanatumia nini?"

Swali langu la lango bado lipo.

Mstaafu wa Likombe, Mtwara. Alhamisi, 3 Julai

Mjukuu, nimeguswa. Mimi nilisoma Beijing zamani, nimebaki humu kwa ajili ya kuwasoma vijana.

Mwambie bibi yako kwamba hata sisi tulikuwa na mashine za kubangulia. Viwanda vilijengwa huku Kusini miaka ya 1970, kwa mkopo, mitambo mizito kutoka nje, na mimi kijana nilifanya kazi kimojawapo. Mitambo ilikuwa inavunja korosho nyingi mno, zao lenyewe likaanguka wakulima walipohamishiwa vijiji vya ujamaa na mashamba yakaota pori, viwanda vikafungwa. Vietnam wakati huo walikuwa ndio kwanza wanatoka vitani, Saigon imeanguka Aprili 1975. Leo wao ndio wakubwa wa dunia kwa kuuza korosho iliyobanguliwa, na nyingi si za kwao, wananunua ghafi kwetu na Afrika Magharibi. Ajira ya kubangua inaondoka na gunia. Hilo ndilo nililotaka uwaandikie watu ukirudi.

Mdau wa Wuhan. Alhamisi, 3 Julai

Mzee, shikamoo. Lakini tusisahau na sisi tulivyojiumiza. Mwaka 2018 wanunuzi wa korosho walipogoma, serikali ikasema itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia maghalani. Baba yangu mdogo kule Newala alikuwa na tani mbili. Alisubiri malipo miezi na miezi. Mwaka uliofuata akauza kwa kangomba, yule mlanguzi, kabla hata maua hayajafunga, kwa sababu watoto walikuwa wanadaiwa ada. Vietnam hawana kosa katika hilo.

Mstaafu wa Likombe, Mtwara. Alhamisi, 3 Julai

Marahaba. Sijasema wana kosa. Na bei ile ya 3,300 ilikuwa inamlinda mkulima, kilichoharibu ni uhakiki wa wakulima kabla ya kulipwa. Walipokuta mtu hana shamba ana tani kumi walifanya nini? Kangomba ndiye aliyekuwa anamnyonya baba yako mdogo, na ndiye huyo huyo aliyekimbiliwa tena. Tusichanganye mambo. Kabla ya mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuzia korosho ghalani, bibi wa binti huyu alikuwa anapimiwa kwa kopo.

Mama wa Xiaobei, Guangzhou. Ijumaa, 4 Julai

Baba yangu, na wewe Wuhan, mtoto ana siku kumi na moja za kutoka bwenini.

Binti, jana nimezungumza na wakala wa mizigo hapa. Kontena la Dar linafungwa tarehe 20. Mabegi yako mwambie rafiki ayalete kwangu, yaingie humo, wewe usiwe na sababu ya kutoka uwanjani. Hilo la mizigo limekwisha. La viza amua leo.

Binti Masasi, Nanning. Ijumaa, 4 Julai

Mama, Mungu akubariki. Nimemwambia rafiki yangu, analeta kesho.

Viza nimeomba upya usiku huu, lango Huu Nghi, nimelipa dola 25 nyingine. Ile ya Noi Bai bado ni hai na inaanza tarehe 16, na hii mpya nimeiandikia tarehe hiyo hiyo. Sasa nitakuwa na viza mbili kwa pasi moja. Kuna aliyewahi kufika mpakani na mbili? Watakubali ile mpya, au ya kwanza inatakiwa ifutwe, na inafutiwa wapi?

Mpwani, Da Nang. Jumamosi, 5 Julai

Mbili sijapata kuona, dadangu. Nitauliza kwa wenyeji Jumatatu ofisi zikifunguliwa.

Na lile swali la bibi, kwamba kule Binh Phuoc wanatumia nini: kuna jirani yangu katoka kule. Anasema kwanza huzichemsha kwa mvuke, hawakaangi, mafuta yanabaki ndani ya ganda. Halafu zinapasuliwa kwa mashine, na palipobaki kina mama wanamalizia kwa kisu. Nilipomtazama vidole, ana madoa.